Mbuzi wa Uchungu

Wiki iliyopita tuliuacha mguu wa Sikelo ndani ya mlango wa Falesi, na mwenye mguu hataki kuutoa.

Bado hakuutoa.

"Nimesema toa mbuzi," alirudia Sikelo, tarishi wa Jumbe Chimtengo. "Mimi sikuja kucheka na mtu hapa."

Falesi alikuwa mkekani, mtoto kifuani. Alikuwa mzazi wa siku chache tu, macho yamezama, midomo imekauka. Mbuzi angemtoa wapi? Mumewe Jeremiya alikwenda Joni, kule Afrika Kusini, kutafuta kazi kabla ya mavuno, na simu yake ikanyamaza hukohuko Joni.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, nitasema upesi. Eneo letu lina sheria: mwanamke azalie zahanati. Akizalia nyumbani au njiani, atoe mbuzi kwa jumbe wake. Akina mama wa hapa humwita mbuzi huyo mbuzi wa uchungu. Asipotoka, jumbe hasemi neno. Jumbe asiposema neno, zahanati hawamwandiki mtoto. Na mtoto asiyeandikwa, mama yake hahesabiwi kwenye ule msaada wa serikali kwa akina mama maskini wenye watoto wachanga.

Na Falesi alizaa njiani, kwenye kalavati, akiwa anakwenda zahanati kwa miguu.

"Sikelo, mwana wa Meliya!" Sauti ilitoka uani. "Toa huo mguu kabla sijaunywesha uji."

Alikuwa mama mkwe wa Falesi, bibi Esinati, na chungu cha uji unaotoa mvuke mikononi.

"Bibi, mimi nimetumwa."

"Hata nzi hutumwa na njaa. Toa mguu!"

Mguu ukatoka. Mdomo ukabaki.

"Jumbe anasema jua lisizame kabla mbuzi hajafika. Ile hesabu ya akina mama inafungwa wiki hii. Ikifungwa, ni mpaka mwaka mwingine. Mimi nawaambia tu, msije mkasema Sikelo mbaya."

Esinati aliweka chungu chini. Nyuma ya nyumba alikuwa na mbuzi mmoja jike, mwenye mimba. Bibi alimfuga kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, ili siku ya kufa kwake watu wasichangishane kwa kunung'unika. Kijiji kizima kilijua kwamba yule mbuzi haguswi.

"Nenda kamfungue," alisema bila kumtazama tarishi.

"Mama, usimtoe," Falesi alisema.

"Nyamaza wewe, nyonyesha."

"Ukimtoa, ina maana nimekosa."

"Hukukosa. Lakini toa. Watu hutoa hata wasipokosa, ndiyo maana wanaishi."

"Nilizaa njiani kwa sababu nilikuwa njiani, mama! Nilikuwa naenda hukohuko wanakotaka niende."

"Falesi, nisikilize." Esinati alichutama mbele yake, akashusha sauti. "Wewe hapa ni mtu wa kuja. Mume hayupo. Ukigombana na jumbe, utakimbilia kwa nani? Mimi nimeletwa hapa mwali, wamenizikia mume hapa, na mpaka leo wakikasirika wananiita mtu wa kuja. Toa mbuzi, mtoto aandikwe, tule."

Falesi alimtazama mtoto. Machozi yalikuja, akayameza.

"Sawa, mama," alisema.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Sikelo alikohoa.

"Na yupo wa pili."

"Wa pili nani?"

"Mbuzi wa pili, bibi. Sheria inasema aliyempokea mtoto naye atoe wake. Sasa… nani alimpokea mtoto?"

Esinati aliitazama mikono yake. Ndiyo iliyomdaka mtoto kwenye kalavati, kabla hajagusa changarawe.

"Nilitakiwa nimwache adondoke?"

"Mimi nimetumwa, bibi."

Esinati alisimama. Akafunga kitenge chake kiunoni, akakikaza tena, akajitanda leso kichwani.

"Falesi, mfunge mtoto. Twende kwa Mfumu."

"Si umesema watu hutoa hata wasipokosa?"

"Nilisema hivyo mbuzi akiwa mmoja!"

Sikelo hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia mbele kama kuku aliyeona mwewe, kupeleka habari.

* * *

Mfumu Thambala ni chifu wa eneo letu lote, na ni mwanamke. Siku hiyo ilikuwa ya mashauri. Watu walijaa uwanjani mbele ya baraza lake, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka, joto la kabla ya mvua likiwachoma wote bila ubaguzi.

Jumbe Chimtengo alikuwa amekwisha kaa, kofia juu ya goti. Alimwona Falesi, akatabasamu kwa upole sana. Tunaomjua tulianza kuogopa.

Na kuna jambo ambalo Falesi alilijua tangu walipoondoka nyumbani. Sheria ile ya mbuzi haikutungwa na jumbe. Aliyeitunga ni Mfumu mwenyewe.

Mdogo wake, Delia, alikufa akizaa. Alivuja damu ndani ya nyumba, wanawake wakimpepea kwa ungo na kumwambia ajikaze. Mfumu alipomzika, aliapa kwamba katika eneo lake hatakufa tena mwanamke wa kupepewa. Tangu hapo zahanati imejaa, na makaburi ya wazazi yamepungua, hilo hakuna anayebisha. Hata wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Lilongwe kuisifu sheria hiyo. Ngoma zilipigwa, kuku walichinjwa.

Sasa nenda ukamwambie mtu kama huyo kwamba sheria yake imekuonea!

Falesi alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima.

"Kaa," alisema Mfumu. "Mzazi hapigi magoti kwangu. Sheria unaijua?"

"Naijua, Mfumu."

"Ulizalia wapi?"

"Kwenye kalavati, Mfumu."

"Basi tumemaliza. Toeni mbuzi. Shauri linalofuata."

Watu walicheka. Jumbe alivaa kofia yake. Mtu mwingine na kesi yake ya mpaka alikwisha anza kusimama.

"Hatujaanza, Mfumu," alisema Falesi.

Kicheko kilikatika. Esinati alimfinya mkwewe paja, akamfinya tena. Falesi hakunyamaza.

"Umeniuliza nilizalia wapi. Hujaniuliza kwa nini."

Mfumu alimgeukia. "Kwa nini?"

"Uchungu ulipoanza, nilituma kwa jumbe kuomba baiskeli ya wagonjwa."

Watu wakaanza kunong'ona. Baiskeli hiyo kila mtu anaijua: ina tela nyuma, lenye godoro na turubai la kivuli. Ililetwa kwa ajili ya wajawazito wa vijiji vyetu, na hulala kwa Jumbe Chimtengo.

"Nikajibiwa tairi limepasuka. Ndipo tukaondoka kwa miguu, mimi na mama."

"Jumbe?"

"Ni kweli tupu, Mfumu." Jumbe alivua kofia tena, sauti laini kama mafuta ya karanga. "Tairi lilipasuka. Mimi mwenyewe niliumia moyo. Lakini chuma ni chuma, hakina huruma. Na huyu binti yetu angejua siku zake, angeondoka mapema, akangoje hukohuko zahanati. Wenzake hufanya hivyo."

"Wenzangu wana wa kuwaachia nyumba na wa kuwaletea chakula," alisema Falesi.

"Kila mtu na bahati yake, binti yangu."

"Basi bahati yangu ni hii, Mfumu. Hilo tairi lililopasuka lilitupita barabarani."

Tabasamu la jumbe lilibaki pale pale usoni, ila sasa lilikuwa limekauka.

"Uongo," alisema. "Uchungu humfanya mtu aone vitu."

"Mimi sikuwa na uchungu," Esinati alidakia, akasimama. Nani alimtuma? Hakuna. Mwanamke yule ambaye asubuhi alitaka kutoa mbuzi wa sanda yake apate amani, sasa alikuwa anatikisa kidole mbele ya chifu. "Mimi nilikuwa na macho! Baiskeli ilitupita, tela limefunikwa kitenge kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikadhani ni maiti. Nikamwambia Falesi, mwanangu, jibane kidogo, usilie, tumpishe marehemu. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Mimi, na umri huu, mkwe wangu anazaa nyuma yangu, nimepiga magoti nampa heshima marehemu!"

"Labda kweli alikuwa marehemu," alisema jumbe upesi.

Alikosea. Alijibu kabla ya kuwaza.

Mfumu aligeuka polepole. "Jumbe, si umesema tairi lilipasuka?"

"Nasema labda… labda ni baiskeli nyingine. Ya kijiji kingine. Na marehemu wao."

"Hapa kwetu mtu hafi kimyakimya." Mfumu aliangaza uwanjani. "Mzee Gilibati!"

Mzee Gilibati ndiye mkubwa wa wachimba makaburi. Kwetu maiti hawezi kuvuka kijiji bila wachimbaji kupewa habari, awe wetu au wa jirani. Aliinuka kwa shida.

"Wiki iliyopita mlizika nani?"

"Mfumu, majembe yetu yana kutu."

"Mlisikia msiba wa jirani?"

"Hapana. Tungesikia tungekwenda. Tunapenda kula."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Esinati hakucheka.

"Basi marehemu yule alikuwa ananuka pombe," alisema. "Nilinusa. Nikasema moyoni, maskini, amekufa na ulevi wake."

"Nani alikuwa anaendesha?" aliuliza Mfumu.

Falesi alimtazama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha jumbe. Alikuwa Loti, mpwa wa jumbe, mwanamume wa watoto wawili, mwenye miguu ya mwendesha baiskeli na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Huyo," alisema.

"Njoo mbele, Loti."

Loti alikuja. Jumbe alimwangalia kwa jicho la kumfunga mdomo.

"Uliendesha baiskeli ya wagonjwa siku hiyo?"

"Niliendesha, Mfumu."

"Na tairi?"

"Tairi lilikuwa zima."

"Ulibeba nini?"

"Madumu ya pombe."

"Ya nani?"

Loti alilamba midomo.

"Loti, ulimi nao umepasuka tairi?"

Loti alimgeuzia jumbe mgongo.

"Yalikuwa yako, Mfumu."

Jamani! Hata kuku wa Mfumu nadhani waliacha kuparura.

"Rudia."

"Yalikuwa ya hapa kwako. Ya sherehe. Mjomba aliambiwa alete pombe ya wazee kwa ajili ya wale wageni wa Lilongwe. Gari lake la ng'ombe lilikuwa limekwenda kubeba matofali ya watu. Akaniambia chukua baiskeli ya wagonjwa, funika, upite haraka. Akasema leo hazai mtu."

Mfumu aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Siku ile alikuwa ameketi barazani hapohapo, wageni wakimpigia makofi kwa kuwalinda akina mama, naye akiwapigia makofi wao. Na chini ya makofi hayo, kwenye kalavati, mwanamke alikuwa anauma kitenge asipige kelele.

"Nilikunywa pombe hiyo," alisema kwa sauti ndogo.

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

* * *

Uwanja ulibaki hauna mwenyewe. Watu walisimama, wakakaa, wakasimama tena.

Jumbe Chimtengo aliinama karibu na Falesi, kofia ikikinga mdomo wake.

"Umemvua nguo Mfumu mbele ya watu," alinong'ona. "Mimi umenivunjia heshima tu. Yeye je, unadhani atakuacha? Ngoja atoke."

Mtoto alilia. Falesi alimpa ziwa, akalikataa, akampa jingine.

"Mama," alisema, "tuondoke?"

"Tuende wapi?" Esinati naye alikuwa ameloa jasho. "Tukiondoka sasa ndiyo tumekosa kwelikweli. Kaa."

"Nimeharibu."

"Umeharibu, ndiyo. Kaa hivyo hivyo."

Mlango ulifunguka. Mfumu Thambala hakutokea mlangoni. Alitokea ubavuni mwa nyumba, akivuta kamba, na kwenye kamba kulikuwa na beberu mweupe, mnene, aliyekuwa anagoma kutembea. Mzee mmoja alikimbilia kumsaidia. Mfumu alimkwepa. Alimvuta beberu mwenyewe, vumbi likimpanda miguuni, mpaka kwenye nguzo ya baraza, akamfunga.

"Huyu ni wangu," alisema akihema. "Ni faini yangu. Jumbe, wako yuko wapi?"

"Mfumu, mimi nilikuwa natii amri yako. Uliniambia lete pombe…"

"Nilikuambia ulete pombe. Sikukuambia uilaze kwenye godoro la wajawazito! Wako yuko wapi?"

"Yupo nyumbani."

"Sikelo akamlete. Wauzwe wote wawili, baiskeli ipate matairi ya akiba. Na baiskeli hailali kwako tena. Inahamia zahanati leo, na atakayeipangia safari ni kamati ya akina mama. Ukiitaka kwa mzigo, uwaombe wao."

Vigelegele vilianza upande wa mikeka. Mfumu aliinua mkono.

"Msishangilie. Sheria siifuti. Delia bado amekufa. Mwanamke azalie zahanati. Lakini kuanzia leo, kabla hatujamuuliza mzazi alizalia wapi, tutamuuliza jumbe baiskeli ilikuwa wapi. Na mtoto haandikwi kwa mbuzi. Mtoto anaandikwa kwa sababu amezaliwa. Hilo ndilo neno langu, na nitalituma kwa majumbe wote."

Kisha akamwendea Falesi. Watu walidhani atasema kitu kikubwa. Alifunua kitenge kidogo, akamtazama mtoto, akakifunika.

"Ana joto huyu," alisema. "Mpeleke sasa hivi. Loti, utaendesha wewe."

Hapo vigelegele havikuzuilika tena.

Wakati Loti anaunganisha tela, jumbe alipita karibu na Esinati. Hakusimama. Alisema tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Mvua iko karibu, bibi. Mtapanda wapi?"

* * *

Barabara ya zahanati ina mawe. Falesi alilala telani na mtoto, Esinati akitembea ubavuni, ameshika chuma. Loti alinyonga pedali bila neno, jasho likimtiririka shingoni.

Walipofika mteremkoni Falesi aliuliza, "Siku ile uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukapita."

"Nilimwona bibi amepiga magoti. Nikaona haya kusimama."

"Haya!" alisema Esinati. "Mtu anazaa kwenye changarawe, wewe unaona haya!"

"Ningesimama ningefanya nini, bibi? Tela limejaa madumu."

"Ungeyamwaga," alisema Falesi.

Mnyororo ulilia peke yake mpaka zahanati.

Huko mambo yalikwenda mbio. Neno la Mfumu lilikuwa limewatangulia kwa simu. Sista Madalitso, muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alimpima mtoto kwenye mzani wa kuning'inia.

"Jina?"

"Ulemu," alisema Falesi. Maana yake ni heshima. Esinati alimtazama kwa mshangao, maana walikuwa hawajazungumza jina, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Ulemu ameandikwa. Na mama yake ameingia kwenye msaada. Umewahi, dada. Kesho kutwa wangefunga."

Falesi alihisi mabega yake yanashuka. Alikuwa hajajua kwamba yalikuwa juu siku zote hizo. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu.

Sista alikifunua kitenge kuangalia kitovu. Uso wake ukabadilika.

"Kitovu kimeanza kuvimba. Mlimkata na nini?"

"Wembe," alisema Esinati. "Mpya. Niliubeba."

"Wembe haukukosea. Ni hizi siku mlizokaa naye nyumbani mkigombania mbuzi. Halali nyumbani leo huyu. Nampa dawa, nakaa naye, na wewe mama yake unakaa. Kesho tutajua."

Falesi alikuwa anamfunika mtoto pale kishindo cha viatu kiliposikika nje. Sikelo alijitupa barazani, shati limemganda mgongoni.

"Nani kakutuma tena?" alifoka Esinati.

"Safari hii sijatumwa." Alihema. "Nilikwenda kumchukua yule mbuzi wa jumbe. Nimemkuta jumbe hayupo nyumbani. Yuko kwenye shamba lenu, bibi. Ana kamba na vijiti. Anapima."

"Anapima nini?"

"Anasema Jeremiya ametupa mji, hajulikani yu hai au amekufa, na ardhi haiwezi kulala kwa watu wa kuja. Anasema kabla ya mvua ya kwanza itakuwa na mtu wake."

"Mtu gani?"

Sikelo aligeuza shingo. Alimtazama Loti, aliyekuwa amesimama pale uwanjani, mikono kwenye usukani.

Loti aliinamisha kichwa. "Sikuliomba," alisema.

"Ukipewa je?" aliuliza Esinati.

Watoto wawili, mke, na jembe lisilo na udongo wake. Nani asiyejua kwamba Loti hana hata tuta moja?

Falesi alikwisha simama, anatafuta kitenge cha kumfungia mtoto. "Mama, twende. Bila lile shamba, huo msaada tutaula mwezi gani mpaka mwezi gani? Twende!"

"Ukitoka na mtoto huyu leo," alisema Sista Madalitso, "usirudi kesho kuniuliza nimekufanyia nini."

Falesi aliganda katikati ya chumba. Mlango huku, kitanda kule. Mtoto alikohoa kikohozi kidogo, kama cha paka.

Esinati alimshika mabega, akamkalisha kitandani kwa nguvu ambayo Falesi hakujua kama anayo.

"Kaa. Shamba lile nimelipiga matuta na mimba ya Jeremiya tumboni. Hakuna aliyeniletea baiskeli. Hakuna aliyeniandika popote. Wewe umeandikwa, kaa na uandikwe vizuri. Shamba niachie mimi."

Akatoka. Akapanda telani, akakaa wima juu ya godoro la wajawazito kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake.

"Loti, geuza baiskeli."

"Bibi, umesikia lakini kwamba mimi ndiye…"

"Nimesikia. Ndiyo maana nataka uwepo. Ukanipokonye nikiwa nakutazama."

Loti alishika usukani. Kisha akapanda, akakanyaga pedali.

Falesi alisogea dirishani na mtoto begani. Aliwaona wakishuka, mgongo wa Loti umeinama, leso ya Esinati ikipepea. Aliwaona wakifika njia panda, pale penye jiwe jeupe. Njia ya kurudi kijijini kwa Jumbe Chimtengo, kwenye shamba, hukata kushoto.

Baiskeli ilikata kulia.

"Sista," alisema Falesi. "Ile njia ya kulia inakwenda wapi?"

Sista Madalitso alikuja dirishani, akakunja macho kuzuia jua.

"Kule? Kule hakuna kijiji. Ni mikaratusi tu."

Mbali kule mkono wa Esinati uliinuka, ukapiga ubavu wa tela, ukapiga tena. Kisha miti ikawafunika wote wawili, na sisi tutawafuata wiki ijayo.